Jinsi ya Kumchagua Mwenyekiti wa Mtaa na Kubaki na Mtaro Wako

Hongera kwa kuhamia Dar es Salaam. Umepata chumba na sebule, mwenye nyumba amechukua kodi ya miezi sita, dalali amechukua ya mwezi mmoja kwa kazi ya kukutembeza juani, na mvua ya kwanza imekufahamisha kitu ambacho wote wawili walisahau kukitaja: mtaro ulioziba mbele ya geti. Usinunue chepeo kwanza. Wewe ni raia, una kura, na serikali iko hatua chache tu kutoka mlangoni kwako, chini ya bendera, kwenye chumba chenye benchi na kalenda ya mwaka juzi. Fuata maelekezo haya kwa utaratibu. Ukiyamaliza bila kuruka hata moja, utakuwa umewafahamu kwa majina na vyeo watu wote wasiohusika na mtaro huo. Onyo: viatu vyeupe viache ndani.

Kwanza, jua unaishi wapi. Usijibu haraka. Unadhani unaishi Jiji la Dar es Salaam kwa sababu basi lilikushusha Dar es Salaam na foleni ni ya Dar es Salaam. Hapana. Februari 2021 Rais John Magufuli aliivunja Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi ikawa ndiyo Jiji. Tangu hapo mtu wa Gongo la Mboto anaishi Jijini, na mtu wa Masaki, mwenye ukuta, kamera na bahari, anaishi Manispaa ya Kinondoni. Wa Sinza yuko Ubungo, wa Mbagala yuko Temeke, na Kigamboni ni ya Kigamboni. Mkoa mmoja, halmashauri tano, na mvua moja isiyojua mipaka. Ukiandika malalamiko, hakikisha unayapeleka kwenye halmashauri yako, maana maji yanayoingia sebuleni kwako huenda yameanzia kwenye halmashauri ya wengine, na wao hawana kifungu cha fedha kwa ajili ya sebule yako. Onyo: usiandike "Jiji" kwenye bahasha kwa sababu tu limekaa vizuri mdomoni.

Sasa jitambulishe. Hapa wageni wengi huanguka, kwa kuwa wamesoma vitabu. Vitabu vinasema mtaa una mwenyekiti wa kuchaguliwa, kamati yake, na afisa mtendaji aliyeajiriwa. Ni kweli. Basi unaingia ofisini, unatoa shikamoo, unaomba barua ya utambulisho, na mama aliyeketi nyuma ya meza anakuuliza swali moja tu:

"Umeanzia kwa mjumbe?"

Mjumbe wa nyumba kumi, au balozi, hayumo katika muundo wa serikali. Ni kiongozi wa shina la Chama Cha Mapinduzi. Nchi ilirudi kwenye vyama vingi mwaka 1992, lakini habari hiyo haijafika kwenye benchi. Usibishane. Usitoe Katiba kwenye simu. Nenda kwa mjumbe, mkute anamenya vitunguu, mwamkie vizuri, mwambie unatoka kwa nani na unapanga kwa nani. Atakuandikia kikaratasi kilichochanwa kwenye daftari la mtoto, na kikaratasi hicho kitafungua mlango ambao Katiba ilishindwa kuufungua. Yawezekana wewe ni mpinzani wa kufa na kupona. Bado utakwenda, kama walivyokwenda wenzako wote wa upinzani walipotaka kumwekea ndugu yao dhamana. Onyo: mjumbe anakumbuka nani alimsalimia na nani alipita tu.

Usiidharau barua. Mgeni anadhani kazi ya serikali ya mtaa ni barabara na usafi. Kazi yake hasa ni mhuri. Bila barua yenye mhuri hutamwekea mtu dhamana, hutapata kitambulisho cha taifa kwa amani, na mkopo utausikia kwa jirani. Mhuri ndio mali kubwa ya ofisi. Unalala kwenye droo yenye kufuli, na mwenye ufunguo ametoka kidogo. "Ametoka kidogo" ni kipimo rasmi cha muda, kinaanzia nusu saa na kufikia Jumatatu. Akirudi, atakuandikia, atapiga mhuri kwa nguvu ya mtu anayeua nyoka, kisha pataingia ukimya. Usiulize ukimya huo ni wa nini. Ukiuliza "ni bei gani?", unaambiwa barua ni bure, na utakuwa umemfedhehesha mzee wa watu. Sema, "Mzee, utapata maji ya kunywa," na uache noti chini ya kitabu cha wageni. Wengine huita mchango wa karatasi. Ukinunua kiwanja ndipo utakapokutana na ile asilimia kumi ya mtaa, ambayo kila mtu anaijua na kila mtu anailipa, na ukiomba kuonyeshwa sheria yake utaonyeshwa mahali pa kuketi. Onyo: risiti ni kitu unachodai dukani.

Uchaguzi ukikaribia, jiandikishe. Una kadi ya mpiga kura? Vizuri, iache kabatini. Hiyo ni ya Daftari la Kudumu la Tume ya Uchaguzi, na uchaguzi wa mtaa una orodha yake, inayoandikwa upya kila mara na kusimamiwa na TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa iliyo chini ya Ofisi ya Rais. Mwaka 2024 Bunge lilitunga sheria ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ambayo ilizigusa chaguzi hizi pia, watu wakaenda Mahakama Kuu kuuliza kwa nini basi TAMISEMI ndiyo inayoendelea kuzisimamia, na jibu walilipata kwa vitendo: TAMISEMI ikaendelea kuzisimamia. Siku za kujiandikisha zilikuwa kumi, kuanzia tarehe 11 hadi 20 Oktoba. Ndani ya siku hizo waliandikishwa watu zaidi ya milioni 31, kasi ambayo ukiilinganisha na ile ya kuandikiwa barua yako utakubali kwamba serikali ikiamua inaweza. Vyama vya upinzani vililalamika kwamba orodha zilikuwa na majina ya watoto wa shule. Wewe usiingie huko. Andika jina lako, weka sahihi, kisha siku orodha inapobandikwa nenda ukalitafute. Onyo: utalikuta limeandikwa kwa namna ambayo mama yako asingeitika.

Labda, badala ya kumchagua mtu, umepata wazo la kugombea wewe mwenyewe. Wazo zuri. Una elimu, una mtaro. Utahitaji chama, maana mgombea binafsi hana nafasi hapa, na utahitaji kujaza fomu. Kuhusu fomu, chukua tahadhari uliyoichukua kwenye mtihani wa darasa la saba. Mwaka 2019 wagombea wengi sana wa upinzani walienguliwa kwa makosa ya kujaza fomu. Wengine walilalamika kwamba walikuta ofisi zimefungwa na aliyepaswa kuzipokea hajulikani aliko. Utaona ajabu kwamba uwezo wa kujaza fomu uligawanyika kwa vyama kwa usafi ule, wenye kadi za rangi moja wakiwa wataalamu wa herufi kubwa na nukta, na wenye kadi nyingine wakiwa hawajui hata kazi yao ni nini. Wataalamu wa elimu wangepaswa kulichunguza jambo hili. Vyama vikuu vya upinzani vilijitoa mwaka huo. Mwaka 2024 vilirudi, vikajaza tena, na wagombea wao wengi wakakatwa tena. Onyo: kwenye sehemu ya "kazi", kila jibu ni la hatari.

Kampeni ni siku saba. Mwaka 2024 zilifanyika tarehe 20 hadi 26 Novemba. Utamjua mgombea kwa kuwa wiki hiyo anakujua. Atakuja hadi getini, ataruka mtaro wako kwa mguu mmoja huku ameshika kofia, atasema, "Hili ni jambo la aibu, ndugu yangu, hili ndilo la kwanza." Mwamini; ameliona kwa macho yake. Tabia ya mtaro wakati wa kampeni ni nzuri kupita kiasi. Unapigwa picha, unatajwa kwa spika, vijana wawili wenye fulana mpya wanatoa mifuko ya plastiki kwenye mita tatu za kwanza na kuiweka ukingoni ili mvua itakayofuata iirudishe. Sikiliza ahadi kwa makini na utagundua kwamba zote ni za kazi za ofisi nyingine: barabara, maji, umeme, zahanati, kituo cha polisi. Kitu pekee ambacho mgombea anaweza kukifanya kwa mamlaka yake mwenyewe, yaani kukaa ofisini saa za kazi akiwa na ufunguo wa droo, hakuna anayekiahidi. Onyo: usiombe fulana ya saizi yako.

Siku ya kupiga kura, tarehe 27 Novemba 2024, vituo vilifunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni. Nenda mapema. Utapewa karatasi ya mwenyekiti, ya wajumbe kundi la wanawake na ya wajumbe kundi mchanganyiko, kwa hiyo soma kwanza, usije ukamchagua mtu kuwa mwanamke bila kukusudia. Ukikuta jina moja tu, usidhani umepewa nusu karatasi. Wenzake walikwama kwenye fomu. Zamani mtu wa namna hiyo alipita bila kupingwa na wewe ukaendelea na shughuli zako. Safari hii uliheshimiwa zaidi, ukapewa chaguo la Ndiyo na Hapana. Chagua kwa uhuru. Onyo: mtaa ni mdogo, na wino wa kidole huonekana mbali.

Kuhusu matokeo, keti kwanza. Wiki nzima umepanda daladala. Umewasikia abiria wakilaani vumbi, taka ambazo gari lake halijapita tangu mwezi ulioisha, maji ya bomba yanayotoka usiku wa manane, na vyoo vinavyotapishwa barabarani mvua ikianza. Hujamsikia hata mmoja akiisifu serikali ya mtaa wake. Konda hakuisifu. Kisha Waziri wa TAMISEMI anatangaza matokeo: katika nafasi za mwenyekiti wa mtaa nchini kote, CCM imeshinda kwa asilimia 98.83. Upinzani ukayakataa matokeo, serikali ikasema uchaguzi umekwenda vizuri, na mtaa wa pili ukaanza kupika pilau.

Usiruhusu akili yako ifanye kosa la kulinganisha. Asilimia 98.83 si kipimo cha kuridhika. Kama ingekuwa kipimo cha kuridhika, Dar es Salaam ingekuwa na wazee wanene na mitaro inayoimba. Ukitaka kuielewa, iangalie pamoja na nyingine. Mwaka 2014, vyama vya upinzani vilipoungana kama UKAWA, vilichukua mitaa mingi hapa Dar es Salaam, na baada ya uchaguzi mkuu wa mwaka uliofuata vikapata mameya Kinondoni na Ilala. Mwaka 2019, vikiwa vimejitoa, CCM ilipata zaidi ya asilimia 99. Mwaka 2024, vikiwa ndani, ilipata chini kidogo ya hapo. Yaani kati ya kushiriki na kutoshiriki tofauti ni kama asilimia moja, na mwenye uvumilivu anaweza kutumia asilimia hiyo kuandika tasnifu. Nami nitasema jambo moja pembeni: mitaa iliyokuwa ya upinzani ile miaka mitano nayo ilikuwa na mitaro. Sikumbuki maji kuchagua chama. Onyo: jambo hili usiliseme kwenye kijiwe chochote, kwa kuwa litakugombanisha na pande zote mbili.

Sasa mfuate mshindi. Mpongeze, mpe siku chache za kuapishwa na kukabidhiwa mhuri, kisha mpeleke kwenye mtaro. Hapa ndipo elimu yako ya uraia inaanza, na inafundishwa kwa miguu.

Mwenyekiti atakusikiliza kwa huruma ya kweli. Naye anaishi mtaa huohuo, naye ana maji sebuleni. Atakuambia hana fungu. Hana mshahara, ana posho, na posho yenyewe ni hadithi. Atakupeleka kwa mtendaji. Mtendaji atauliza mtaro uko kando ya barabara gani. Usijibu "ya kwetu". Kama ni barabara ya mtaani, mtaro ni wa TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017 ili halmashauri zisihangaike na barabara. Kama ni barabara kuu, ni wa TANROADS. Nenda TARURA. Kijana mstaarabu atafungua ramani na kukuonyesha kwamba barabara yenu haina jina kwenye orodha, ni kichochoro, na kichochoro ni cha mtaa. Kama maji yaliyomo yananuka, hayo si maji ya mvua tena, ni majitaka, nenda DAWASA, mamlaka ya maji. DAWASA watauliza kama mmeunganishwa na mfumo wa majitaka. Hamjaunganishwa. Basi si majitaka yao, ni majitaka yenu. Kama kilichoziba ni taka ngumu, hilo ni la idara ya usafi ya halmashauri, ambayo imempa kazi mkandarasi, ambaye anakusanya ada ya taka kwa bidii kubwa na taka zenyewe kwa vipindi. Mkandarasi atakuambia mkataba wake ni wa taka za majumbani, na taka zikishaingia kwenye mtaro zimebadili makazi. Kama kuna mtu amejenga duka la vifaa vya simu juu ya mtaro, na yupo, hilo ni la idara ya ardhi. Wao wataweka alama ya X nyekundu kwenye ukuta wa duka. Mwenye duka ataipaka rangi juu yake, na mtaa utapendeza. Kama mtaro unaishia mtoni, na yote huishia mtoni, mto una ofisi yake ya bonde. Kama kuna mradi wa kuboresha Bonde la Msimbazi, subiri mradi.

Ukitoka huko utakuwa umerudi kwa mwenyekiti, ukiwa na namba za simu za watu saba na vumbi la wilaya nzima. Atakuuliza, "Sasa wamesemaje?" kwa sababu kwa kweli alikuwa hajui. Onyo: usimkasirikie. Yeye ndiye pekee kati ya wote uliyeruhusiwa kumpigia kura bila kupita kwa mtu mwingine, na ndiye pekee asiye na hela. Ukiyaweka hayo mawili pamoja utakuwa umezielewa serikali za mitaa kuliko semina yoyote.

Huenda sasa hasira imekupeleka kwenye kodi: "Mimi nalipa kodi!" Sema kwa sauti ndogo. Ni kweli unalipa. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia mita za LUKU: unanunua umeme, na hapohapo elfu moja na mia tano ya mwezi inaondoka kwa nyumba ya kawaida, au elfu saba na mia tano kwa kila sakafu ya ghorofa. Nyumba si yako, ni ya yule aliyechukua miezi sita. Sheria inasema mdaiwa ni mwenye jengo. Mita inasema mdaiwa ni mwenye kutaka mwanga. Unaweza kumwambia mwenye nyumba akurudishie. Wapo waliojaribu, na sasa wanapanga kwingine. Kodi hiyo huondoka pamoja na umeme, kwa hiyo hata pale unapowasha taa kuutazama mtaro unaoingia ndani unakuwa umeichangia serikali. Onyo: ukikaa gizani, mtaro unaonekana mdogo.

Panda ngazi. Una diwani. Diwani ana kata, kata ina mitaa, naye huketi kwenye baraza la madiwani linalomchagua meya kutoka miongoni mwao. Meya ana joho, mkufu na gari. Hana sahihi ya hundi. Hiyo ni ya mkurugenzi, na mkurugenzi huteuliwa na Rais. Mkuu wa wilaya huteuliwa na Rais. Mkuu wa mkoa huteuliwa na Rais. Chora kwenye karatasi: uliowachagua weka upande wa kushoto, wenye uwezo wa kuagiza kijiko cha kuchimba mtaro weka kulia. Kisha tafuta jina lililo pande zote mbili. Diwani wako wa sasa alipatikana katika uchaguzi wa 29 Oktoba 2025, pamoja na mbunge na Rais. Siku hiyo hapa Dar es Salaam intaneti ilizimwa, amri ya kutotoka nje usiku ikatangazwa, na watu waliuawa. Kwa siku hiyo mwongozo huu hauna maelekezo.

Hudhuria mkutano wa mtaa. Hii ni haki yako, na ndipo mapato na matumizi husomwa. Tangazo litabandikwa kwenye mti ambao hupiti. Mkutano umetangazwa saa 3; fika saa 4 na nusu ili usiwaudhi waandaaji. Patakuwa na wazee tisa, akina mama wa kikundi cha mikopo wanaosubiri kusikia lini ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri itawafikia, mlevi mmoja anayeuliza maswali mazuri kuliko wote, na vijana hakuna, kwa kuwa wako kazini au wamekata tamaa, na kwa mbali huwezi kuwatofautisha. Taarifa itasomwa haraka. Mapato: michango. Matumizi: karatasi, chai ya wageni, usafiri. Usimwulize mtendaji wageni walikuwa akina nani. Ukiuliza, utaambiwa swali lako ni zuri sana na litajibiwa kwenye mengineyo. Mengineyo hufika saa ambayo jua limeshika utosi na mwenyekiti ameomba mkutano ufungwe kwa sala. Onyo: anayeuliza maswali mawili huteuliwa kwenye kamati.

Ikishindikana yote, subiri ziara ya kusikiliza kero. Kiongozi mkubwa anakuja, na utaijua siku kwa sababu asubuhi yake mtaro unazibuliwa. Usishangilie. Angalia unazibuliwa hadi wapi: unaishia pale msafara utakaposimama. Kama unaweza, fanya urafiki na mtu anayepanga mahali pa hema, huyo ana nguvu kuliko diwani. Kwenye kipaza sauti uwe mfupi. Anza na pongezi, ndefu kuliko kero. Taja mtaro, usimtaje mtu aliyepo jukwaani. Kiongozi atageuka nyuma na kuuliza, "Mkurugenzi yupo? TARURA wapo?" Watasimama, watashika vidole mbele ya tumbo, watapewa siku 14 mbele yako na mbele ya kamera. Utapigiwa makofi. Hizo ndizo siku 14 tamu kuliko zote utakazoishi Dar es Salaam. Siku ya 15, mwenyekiti atakuita pembeni akuulize, kwa upole, kwa nini hukuanzia ofisini kwake. Onyo: barua yako inayofuata itamkuta ametoka kidogo.

Mwisho wa yote mtafanya walivyofanya wa mtaa wa jirani. Jioni moja, bila mkutano wala mengineyo, fundi wa geti la pili atasema tuchangishane. Kila nyumba itatoa elfu kumi, mpangaji ndiye atakayetoa, na vijana watachimba kuanzia Jumamosi asubuhi. Mwenyekiti atakuja na chepeo lake, na atachimba kwelikweli, maana sebule yake nayo imo. Maji yatapita. Yatapita hadi mwisho wa mtaa wenu, yatakapoingia kwenye mtaro ulioziba wa mtaa unaofuata, ambao una mwenyekiti wake. Kwenye kampeni zijazo kazi hiyo itasomwa miongoni mwa mafanikio, na chumba chenu kitapanda kodi kwa kuwa eneo halijai maji tena.

Uchaguzi ujao wa serikali za mitaa ni mwaka 2029. Orodha itaandikwa upya, kwa hiyo kujiandikisha kwako kwa 2024 hakutakusaidia kitu. Ukiwa bado unaishi hapo, pita kwa mjumbe mapema.